Nimeokoka lakini hasira haijatoka: Mungu aliandika nini moyoni mwangu?

SWALI

Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za mitumba pale Kibuye, Kisumu. Niliokoka mwaka 2013 kwenye krusedi. Pombe niliiacha siku hiyo hiyo na mpaka leo sijaionja. Lakini mdomo wangu na hasira yangu ni zile zile. Mwezi uliopita mweka hazina wa chama chetu alipita kwenye kibanda changu, nikamuuliza pesa zangu za mzunguko, akanijibu kwa dharau, nami nikamporomoshea matusi mpaka watu wakajaa. Alipoondoka, msichana anayenisaidia kuuza akaniuliza, "Mama, na si wewe umeokoka?" Tangu siku hiyo sijashiriki Meza ya Bwana. Shemeji yangu anasema bado nimefungwa na Agano la Kale. Mhubiri mmoja ameniambia hii ni hasira ya ukoo, nipande mbegu ya shilingi elfu tano aivunje. Biblia inasema kwamba katika Agano Jipya Mungu ataandika sheria yake mioyoni mwetu. Mimi nikiuangalia moyo wangu sioni maandishi yoyote. Je, nilibadilishwa kweli, au nilibebwa tu na mahubiri ya siku ile? Na kama kubadilisha ni kazi ya Mungu, kazi yangu mimi ni gani?

JIBU

Asifiwe sana, dada yangu. Nianze na hiyo elfu tano, maana ndiyo yenye haraka: usitoe. Fungua Yeremia 31, sura ile ile yenye ahadi unayoitaja, lakini usianzie mstari wa 31. Anzia wa 29. Watu wa Yuda walikuwa na msemo wao kwamba akina baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, yaani tunateseka kwa sababu ya waliotutangulia. Mungu anasema siku zinakuja ambapo msemo huo hautasemwa tena. Kila mtu atawajibika kwa lake. Kisha, mistari miwili mbele, anatangaza agano jipya. Kwa hiyo mtu anayekuuzia dawa ya hasira ya ukoo anakurudisha kwenye lugha ambayo Mungu aliifuta kabla hata hajalitaja agano lenyewe. Tena agano hilo limeshalipiwa, kwa damu. Halina salio la elfu tano.

Sikatai kwamba hasira hurithiwa kwa namna fulani. Mtoto akikulia nyumba ambayo anayesikilizwa ni yule mwenye sauti kubwa, atajifunza kupaza sauti kabla hajajua kusoma. Hilo ni fundisho baya la utotoni, na mtu aliyefundishwa vibaya anaweza kufundishwa upya.

La shemeji yako nalipitia haraka. Agano la Kale si pepo la kumfunga mtu. Paulo, aliyelijua kuliko sisi sote, anasema torati ni takatifu, na amri ni takatifu, ya haki na njema (Warumi 7:12). Wewe hujafungwa na torati. Umefungwa na mdomo wako, kama wengi wetu. Mwambie shemeji asante, mwendelee kupikiana chai.

Sasa twende kwenye swali lenyewe, la kubadilishwa.

Ili kuielewa ahadi ya Yeremia inabidi ujue aliyaona nini kwa macho yake. Aliitwa kuwa nabii wakati wa mfalme Yosia. Karibu mwaka 622 KK, Hekalu likiwa linatengenezwa, kitabu cha torati kikapatikana mle ndani, kikasomwa mbele ya mfalme, naye akararua mavazi yake. Ukisoma 2 Wafalme sura ya 22 na 23 utaona jinsi alivyoisafisha nchi: sanamu zikachomwa na kusagwa mpaka zikawa mavumbi, mahali pa juu pakanajisiwa, Pasaka ikafanywa ambayo haijawahi kufanywa mfano wake tangu siku za waamuzi. Kama kulikuwa na uamsho wa kitaifa uliopangwa vizuri, ndio huo. Watu wote walisimama wakalikubali agano. Halafu Yosia akafa vitani Megido, na wanawe wakarudisha uovu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mmoja wao, Yehoyakimu, alisomewa maneno ya Yeremia akiwa ameketi mbele ya makaa wakati wa baridi, naye akawa anakata gombo kwa kisu kipande kwa kipande na kutupa motoni. Kufikia 586 KK Yerusalemu ilikuwa majivu.

Kwa hiyo Yeremia alijua kitu ambacho wahubiri wengi wa mikutano mikubwa hawapendi kukisema: unaweza kusafisha barabara, mabaa na majukwaa, watu wakalia na kuahidi, na ndani wakabaki walivyokuwa. Ndiyo maana katika sura ya 17 anaandika maneno ambayo karibu hayahubiriwi kamwe, kwamba dhambi ya Yuda "imeandikwa kwa kalamu ya chuma, na kwa ncha ya almasi", imechorwa katika kibao cha mioyo yao. Uliniambia huoni maandishi moyoni mwako. Yeremia angekujibu kwamba maandishi yapo, tena yamechimbwa kwa chuma, ila ni ya dhambi. Moyo haukuwa karatasi tupu inayomngoja Mungu. Ahadi ya sura ya 31 inakuja kujibu tatizo la sura ya 17: Mungu mwenyewe atashika kalamu, aandike juu ya kibao ambacho tayari kimechorwa.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika jibu hili ni mpangilio wa ahadi hiyo. Isome polepole mpaka mwisho wa mstari wa 34. Atatia sheria yake ndani yao. Atakuwa Mungu wao. Watamjua wote, mdogo hata mkubwa. Haya yote yanasimama juu ya nini? Mstari unamalizia: "maana nitausamehe uovu wao, wala dhambi yao sitaikumbuka tena." Hiyo "maana" ndiyo inayobeba nyumba nzima. Kuandikiwa sheria moyoni na kumjua Mungu vinatokana na kusamehewa. Wengi wetu tumefundishwa kinyume chake. Tunaambiwa tubadilike, tukishabadilika vya kutosha ndipo tutajua kwamba tumesamehewa. Ndiyo sababu ulipomtukana yule mweka hazina, jambo la kwanza ulilotilia shaka halikuwa hasira yako. Ulitilia shaka kama uliwahi kuokoka. Ulichukua tunda ukalifanya mzizi.

Mwandishi wa Waebrania aliinukuu ahadi hii nzima katika sura ya 8, na hakuna mahali pengine ndani ya Agano Jipya penye nukuu ndefu kuliko hiyo kutoka Agano la Kale. Kisha sura ya 10 anairudia kwa kifupi, na kabla ya kuirudia anaandika sentensi ambayo huwa naiandika ubaoni kila ninapofundisha kitabu hiki hapa Nakuru: "Maana kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa." Tazama watu hawa ni akina nani. Wamekamilishwa, limekwisha, kwa sadaka moja ya Kristo. Na watu hao hao bado wanatakaswa, kazi inaendelea. Mwandishi haoni mgongano wowote hapo. Mimi na wewe tunauona kwa sababu tunadhani Mungu humkubali mtu baada ya kummaliza.

Ukitaka kuona jambo hili likitendeka, nenda kwenye chumba cha juu usiku ule Bwana alipolitangaza agano lenyewe. Luka 22:20, Yesu anashika kikombe na kusema ni agano jipya katika damu yake, inayomwagika kwa ajili yao. Hawajaondoka mezani. Ladha ya divai bado iko mdomoni. Mstari wa 24 unasema yakatokea mashindano kati yao, nani anayehesabiwa kuwa mkubwa. Fikiria aibu hiyo! Watu wa kwanza duniani kukinywea kikombe cha Agano Jipya waligombania vyeo kabla meza haijafutwa. Na kabla jogoo hajawika, aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa ameshamkana Bwana mara tatu, akianzia mbele ya kijakazi. Yesu alijua. Alikuwa amemwambia Petro hapo hapo mezani kwamba amemwombea imani yake isitindike, na kwamba akiongoka awaimarishe ndugu zake. Hakumnyang'anya kikombe.

Najua utakachosema: hiyo ilikuwa kabla ya Pentekoste, Roho alikuwa hajashuka. Haya, twende baada ya Pentekoste. Petro yule yule, aliyehubiri watu wapata elfu tatu wakabatizwa, ambaye Mungu alimwonyesha maono ya shuka kule Yafa na kumtuma nyumbani kwa Kornelio, alifika Antiokia akawa anakula na watu wa Mataifa bila shida. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga na meza. Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Na Paulo naye? Mbele ya baraza la Yerusalemu, kuhani mkuu alipoamuru apigwe kinywani, alimrudishia pale pale: "Mungu atakupiga wewe, ukuta uliopakwa chokaa." Watu wakamshtua, akasema hakujua kwamba ni kuhani mkuu, na akanukuu Maandiko dhidi ya maneno yake mwenyewe (Matendo 23:3-5). Wafafanuzi hubishana kama alikosa kweli au alikuwa akisema la haki. Mimi naona ulimi ulimtoka. Ninachokipenda ni jinsi alivyorudi haraka, mbele ya watu wale wale, bila kwenda kwanza kutafuta nani amfungue.

Sikupi mifano hii ili ujifariji kwamba kama mitume walikosa na wewe endelea. Paulo hakusema hivyo hata siku moja. Nakupa ili uache kutumia tukio la siku moja kupima kama agano lipo.

Swali lako si geni katika sehemu zetu hizi. Wamisionari wa kanisa la Marafiki (Quakers) waliotoka Marekani walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902, na kama misheni nyingine za wakati ule walitaka muumini aonekane kwa mwenendo: vazi, ndoa, pombe, shule. Mwaka 1927 Kaimosi hapo hapo kukatokea watu waliojazwa Roho, wakalia na kuungama dhambi hadharani. Viongozi hawakuwaelewa, na ndipo yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo mpaka leo unayaona yakiandamana Jumapili na kanzu zao nyeupe na misalaba. Miaka ya 1930 tena, uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ukaingia Nyanza, na wazee wetu wa ushirika wakajifunza kutembea nuruni, kutaja dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu. Nawaheshimu sana watu wale. Mtu alikuwa anaweza kusimama akasema, "Juma hili nilimdanganya mke wangu kuhusu bei ya ng'ombe." Leo ni nani anasema hivyo kanisani?

Lakini katika safari hiyo yote tulijizoesha aina moja ya ushuhuda. Nilikuwa mlevi, nikampokea Yesu kama Bwana na Mwokozi wangu, sasa silewi. Makofi, haleluya, anayefuata. Muda wa ushuhuda hauna nafasi ya mtu wa kusema "bado". Kwa hiyo wewe mwenye ushuhuda mzuri kabisa wa pombe umekuwa ukiinyamazia hasira kwa miaka, mpaka msichana wa kibandani akaisema.

Kuna swali lingine: kwa nini moja liliondoka siku moja na lingine likabaki. Hukuliuliza waziwazi, lakini liko ndani ya barua yako. Biblia haitoi kanuni ya jambo hilo, kwa hiyo nitakayosema ni maoni yangu. Pombe ina mlango unaoweza kuacha kuupitia. Hasira inaishi na wewe kibandani, na mbaya zaidi huja imevaa nguo za haki: pesa zilikuwa zako, na yule mama alikujibu kwa dharau. Mlevi hajidanganyi kwamba chang'aa ni haki yake. Mwenye hasira anajidanganya kila mara. Na inawezekana pia kwamba pombe ilikuwa ikiifunika hasira hiyo. Mtu akiacha kunywa, mambo ambayo alikuwa akiyazamisha jioni huanza kuelea. Kama ni hivyo, unachokiona sasa hakikuota baada ya wokovu. Kilikuwepo, na sasa kimefikiwa na mwanga.

Turudi kwenye maandishi usiyoyaona. Paulo anagusa maneno ya Yeremia na ya Ezekieli katika 2 Wakorintho 3, pale anapolinganisha vibao vya mawe na mioyo ya nyama. Anawaambia Wakorintho: "Ninyi ndinyi barua yetu, iliyoandikwa mioyoni mwetu, inajulikana na kusomwa na watu wote." Kumbuka anamwandikia nani. Kanisa lenye mafarakano, lenye kesi mahakamani, lililokuwa likilewa kwenye chakula cha Bwana. Hao ndio barua ya Kristo! Na barua inasomwa na watu wengine. Hakuwaambia wajifungie ndani wajisome. Wewe umekaa mwezi mzima ukijichungulia moyoni kutafuta hati, wakati msomaji alikuwa kando yako amekunja suruali za watoto. Yule msichana asingekuuliza swali lile kama hangekuwa amewahi kuona kitu. Watu wangapi pale sokoni wanatukana kila siku na hakuna anayewauliza kama wameokoka? Alishtuka kwa sababu tukio lile halikulingana na mtu anayemjua. Katika wiki kumi na mbili za mwisho ulizofanya naye kazi, au mia, kuna mambo aliyasoma kwako ambayo wewe huyahesabu. Muulize, ukiweza kuvumilia majibu yote mawili.

Nikuonye hapa. Usiseme, "Basi kwa kuwa naumia moyoni, hiyo ni dalili tosha." Yuda aliumia. Sauli alimlilia Daudi kwa sauti, baadaye akamwinda tena. Paulo anatofautisha huzuni ya dunia na huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu (2 Wakorintho 7:10-11), na alama anazotaja za hii ya pili zote zina mwendo: bidii, kujitetea katika haki, hofu, shauku, kurekebisha. Huzuni yako mpaka sasa imekufikisha wapi? Imekuondoa kwenye Meza ya Bwana na kukufanya uniandikie. Kuniandikia ni vizuri. Lakini katika barua yako yote hukusema kwamba umerudi kwa mweka hazina.

Hapo ndipo ilipo kazi yako. Wafilipi 2:12-13 inazitaja kazi zote mbili, ya Mungu na yako, kwa pumzi moja: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Usimngoje Mungu amalize ndipo uanze. Wala usianze ukidhani yuko pembeni anakupigia alama. Ile hamu iliyokufanya uniandikie, "kutaka kwako", tayari ni kazi yake. Kinachofuata ni miguu.

Rudi kwa yule mama. Usimpigie simu, usimtumie ujumbe kwenye kundi la chama. Ulimtukana mbele ya kibanda, basi mwombe apite kibandani, msichana akiwepo, na hata wateja wakiwepo. Kama matusi uliyatoa kwa Kijaluo, msamaha nao uombe kwa Kijaluo. Usihamie Kiswahili cha kanisani ambacho hakina uzito kinywani mwako. Sema maneno machache: "Siku ile nilikutukana hapa, mbele ya watu. Nilikosa. Naomba unisamehe." Uishie hapo. Ukiongeza "lakini na wewe ulinijibu vibaya", umeanza kesi upya. Wala usihubiri. Ukiona mdomo unataka kuendelea, mpe kiti, mtume msichana soda.

Na pesa? Pesa ni zako, na kuokoka hakujakunyang'anya haki ya kuziuliza. Watu wa kanisa hupenda kukuambia "achia Mungu", hasa wale wasiodai. Paulo anasema "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26). Maana yake ni kwamba kuna hasira isiyo dhambi, ila haina ruhusa ya kulala nyumbani kwako. Hasira ya kudhulumiwa inaweza kukupeleka kwenye kikao kuomba daftari lisomwe, zamu zihesabiwe, na ujumbe wa M-Pesa uonyeshwe. Hiyo ni kazi nzuri ya hasira. Tatizo ni kwamba uliibeba tangu lini? Nina hakika swali la zamu yako ulikuwa nalo wiki nyingi kabla, ukalimeza kwa sababu mtu aliyeokoka hagombani, likakulipukia siku ya soko. Sura hiyo hiyo ya Waefeso inaanza orodha yake kwa kuuvua uongo na kusema kweli kila mtu na jirani yake, na hasira ndiyo inayofuata mara moja. Mtu anayenyamazia ukweli mdogo wa Jumatatu huulipia Jumamosi kwa matusi.

Pia tafuta ndugu wawili, usitafute umati, wa kuwaambia jambo hili kwa jina lake. Wazee wa ushirika walikuwa sahihi hapo, hata kama baadaye wengine waliligeuza kuwa mtihani wa kuwapima wenzao. Wawe watu wanaokuona siku za kazi, maana wa Jumapili peke yake hawatakuona ukiwa umekasirika. Waambie wakuulize. Na kama hasira hii inaambatana na kukosa usingizi majuma mengi, au mkono umeanza kuwafikia watoto, usiishie kwa mchungaji. Nenda pia hospitali ukazungumze na mshauri. Roho wa Mungu haoni wivu kwa daktari.

Kitu kimoja kuhusu namna Mungu anavyobadilisha, kwa sababu nisipokisema utaondoka na orodha ya kazi tu. Mwisho wa 2 Wakorintho 3, mstari wa 18, Paulo anasema sisi sote, kwa uso usiotiwa utaji, tunautazama utukufu wa Bwana na tunabadilishwa tufanane na mfano huo huo, toka utukufu hata utukufu. Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa, na yeye mwenyewe hakujua. Kutoka 34:29 inasema hivyo waziwazi. Waliojua ni waliomtazama. Mabadiliko ya Agano Jipya yanamjia mtu akiwa anamtazama mwingine. Kwa hiyo katika kusoma kwako, punguza kwa muda mistari ya kukemea hasira ambayo umeikariri yote, na usome jinsi Kristo alivyowajibu watu waliomdharau. Chukua Marko, au kesi yake mbele ya Pilato katika Yohana. Tazama wakati alipojibu, na wakati alipokaa kimya, na kwamba alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakutukana wala hakukubali tu, aliuliza, "kama nimesema vema, wanipigia nini?" Kaa na mtu huyo muda mrefu.

Usiirudie sala ya toba ya mwaka 2013 kana kwamba ile ya kwanza iliharibika. Usibatizwe tena. Na rudi mezani. Najua 1 Wakorintho 11 ndiyo inayokutisha, maneno yale ya kula isivyostahili. Soma mstari wa 28 mpaka mwisho: mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe. Hakusema ajihoji na hivyo akae nje. Mungu hakukuzuia kula. Bwana alisema, ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, enda ukapatane naye kwanza, kisha urudi uitoe sadaka yako (Mathayo 5:23-24). Wewe umefanya nusu ya kwanza, ya kuondoka madhabahuni, halafu ukaenda nyumbani.

Basi nenda kwa mweka hazina kabla ya Jumapili ya Meza. Akikusamehe, mshukuru Mungu. Akikataa, au akaenda kukucheka kwa wenzake, Paulo amekwisha kukuwekea mpaka: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18). Upande wako utakuwa umetimia, na usiikose Meza kwa sababu ya upande wake. Hesabu za mzunguko uziulize kikao kijacho, daftari likiwa wazi, ukiwa umekaa.